Hatungimana na Kitanda cha Kupinduka

Kama kuna mbishi kumpita Hatungimana hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, mimi jirani yake sijamwona. Miaka kumi na miwili amebeba mizigo pale ufukweni, kutoka mitumbwini hadi depo: mihogo ya Ubwari, chumvi, saruji. Alikimbia Burundi bila kitu, na ile namba ya wabebaji, kibati alichovaa shingoni, ndiyo ikawa shamba lake. Kisha kiuno kikakamata. Akawa hawezi hata kuvaa viatu, mkewe Léoncie anamvalisha.

Wabebaji wana desturi yao, na haina huruma. Mgonjwa anapewa mwezi mmoja, mwenzake anamshikia nafasi. Mwezi ukiisha anabebeshwa mfuko wa saruji mbele ya watu wote, kutoka majini mpaka depo. Akiuangusha njiani, namba inakwenda kwa aliyeishika nafasi. Aliyeishika ni Dany, rafiki yake wa kwaya.

Nyuma ya kanisa kuna kituo kidogo cha afya, na Clarisse anayetibu viungo ana kitanda cha chuma kinachopinduka. Unalala, vifundo vya miguu vinabanwa, kichwa kinashuka chini kidogo, na uzito wako mwenyewe unanyoosha kiuno. Clarisse alimpima tension, yaani presha ya damu, kwanza, akamuuliza habari za moyo na macho.

"Papa Hatungimana, ni dakika moja tu. Kichwa ikianza kugonga, unasema, nakurudisha. Na usipande bila mi, unasikia?"

"Nasikia, dokta."

Kila siku alimwinamisha kidogo, mkanda ukizuia kitanda kisipite hapo, kisha alimrudisha polepole na kumwacha alale kwanza kabla ya kusimama. Siku ya tisa Hatungimana alivaa viatu mwenyewe. Léoncie alipiga vigelegele nikavisikia kwangu. Clarisse aliomba majuma matatu zaidi, lakini mwezi ulikuwa unaisha Jumamosi.

Ijumaa, Clarisse alipokwenda kula, Hatungimana aliingia na Dany. Wabebaji hao, kwao kila kitu ni kilo! Dany aliuangalia ule mkanda akacheka.

"Huyu mama iko nakubembeleza tu, yaya, kaka yangu. Mugongo ya mubebaji inataka uzito."

"Fungua," Hatungimana alisema. "Mi niko na kesho tu."

Dany alimlaza na kumbana vifundo, akafungua mkanda, akampindua mpaka kichwa kikaelekea sakafuni, akamshikisha mfuko wa chumvi wa kilo ishirini na tano uning'inie mikononi.

"Nirudishe! Kichwa inapasuka!"

"Vumilia kidogo, iko nafunguka!"

Kitu kililia kiunoni. Dany aliogopa, akamrudisha juu kwa pupa, na Hatungimana akazimia. Alipozinduka mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Clarisse, aliyewakuta hivyo, alitaka apelekwe hospitali saa ileile. Hatungimana alikataa. Ningekuwepo ningempiga kibao.

Jumamosi alikwenda ufukweni akiburuta mguu. Wakamtwisha saruji. Alipiga hatua nne, akaanguka kifudifudi, na mfuko ukapasuka juu yake. Watu waliokula naye miaka kumi na miwili walicheka, wengine wakamwita mzee wa unga. Dany ndiye aliyemwinua na kumpangusa uso. Kisha Dany akatwishwa mfuko mwingine, akaufikisha depo bila kupumzika, wakampigia makofi. Mkuu wa wabebaji akamvua Hatungimana kibati, akamvika Dany palepale.

Wako wanaosema Dany alikusudia. Mimi namjua, hakukusudia. Analia kabisa akiisimulia habari hiyo, na kibati anacho shingoni.

Sasa ni mwezi wa tano tangu siku hiyo. Mguu haujarudi. Kila jioni Dany huleta ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye mfuko wa plastiki, na mimi nauchukia mfuko huo kuliko ninavyoweza kusema. Nilimwambia Léoncie aukatae. Akaniuliza kama mimi nitalisha watoto wake wanne. Nikarudi kwangu, maana sitawalisha.

Basi jana nilimwona Hatungimana akijivuta mpaka mlangoni, akaupokea mfuko kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Aksanti, ndugu yangu," alisema. "Mungu akuongezee nguvu ya mugongo."