Muuguzi Ciakuthii Asimamishwa Kazi

Joyline ndiye aliyesimamia mtandao wa kliniki mbili za shirika moja, moja Embu mjini, nyingine Kaaga kule Meru. Wauguzi walifanya zamu kote kuwili, na simu zao zilitakiwa kuingia zenyewe kwenye waifai ya kila kliniki. Ila kabla ya kutoa nywila, kila simu ilidai kuona cheti cha mtandao, yaani uthibitisho kwamba mtandao ni wa kliniki kweli, isije ikadanganywa. Cheti cha Kaaga kilikuwa kimeisha muda, simu zikawa zinagoma. Joyline, akiwa amechoshwa na malalamiko, akauzima ukaguzi huo kwenye simu zote. Alijiambia angeurudisha wiki iliyofuata. Hakuurudisha.

Kumbe kuna mtu aliyetega kifaa chake nje ya kliniki ya Embu, akakipa jina lilelile la mtandao wao. Simu ya muuguzi Ciakuthii ikakiamini, ikakikabidhi nywila yake, ileile aliyofungulia faili za wagonjwa. Haukupita muda, ugonjwa wa mhubiri mmoja aliyetibiwa hapo ukawa unasomwa kwenye vikundi vya wasapu. Kompyuta ilionyesha faili yake ilifunguliwa kwa jina la Ciakuthii.

Joyline alichunguza, akaona wazi kosa ni lake. Hata hivyo, kwenye kikao cha kumhoji Ciakuthii hakusema alichokijua, Ciakuthii akiapa kwa machozi mpaka akasimamishwa kazi.

Siri hiyo ikamlemea. Jumamosi akafunga safari hadi Kianjokoma, kijijini kwa Ciakuthii, akamkuta akichuma majani chai.

"Mama Njue, ni mimi niliyeacha mlango wazi," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, akamweleza yote.

Ciakuthii akashusha kikapu chake cha chai. "Ulijua lini?"

"Kabla ya kikao."

"Ukakaa pale ukinitazama nikilia?"

Joyline akaanza kulia.

"Basi usilie hapa. Kamwambie Daktari Gitari. Na yule mhubiri pia."

Jumatatu alimwambia mkurugenzi, Daktari Gitari. Ciakuthii akarudishwa kazini. Joyline akavuliwa usimamizi, akabakizwa fundi wa kawaida. Kwa mhubiri alibisha hodi mara mbili. Mkewe alimwambia mlangoni kuwa mzee ameacha kuhubiri na hataki wageni.

Ikabidi kila simu irekebishwe upya, ianze tena kukagua cheti. Ciakuthii alipoleta yake, alikataa kiti. Alisimama begani kwa Joyline, akitazama kila alichobonyeza, kisha akaichukua simu na kwenda wodini.