Uso Ambao Mama Mkwe Alikataa Uchomwe

Watu wanaokuja kutazama sanamu zangu huniuliza nilisomea wapi. Nawaambia nilisomea ukutani, wanacheka, wanadhani bibi anatania. Sitanii. Kichwa cha kwanza nilichofanikiwa kufinyanga bado ninacho, na ni kibichi mpaka leo, hakijawahi kuonja moto. Kila nikikitazama namshukuru mama mkwe wangu, ingawa wakati ule nilitamani nimrushie udongo.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka ile baada ya vita ya Hitla. Nilikuwa nimeolewa huku upande wa Ilongero, na mama mkwe ndiye aliyenifundisha kufinyanga vyungu. Kusoma na kuandika nilikuwa nimekupata kwenye darasa la ubatizo, na kulinishika kama ugonjwa: kila jambo nilitaka kuliandika. Karatasi zilikuwa mjini, dukani kwa Mhindi, na mjini hatukwenda ila kuuza vyungu. Basi niliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa ndani wa nyumba yetu ya tembe. Mama mkwe hakujua a wala be. Ukuta ule aliuita uwanja wa kuku.

Mume wangu aliondoka na lori la wakala wa mkonge, akaenda Tanga kuwa manamba, kibarua wa mkataba, ili tupate pesa ya kodi. Mimba yangu ilikuwa changa, hata yeye alikuwa hajaiamini vizuri. Alisema atarudi mkataba ukiisha. Mkataba ukaisha, akashika mwingine, na huku mtoto akazaliwa, akatambaa, akasimama, akaanza maswali. Siku moja alimwona jirani akitoka shambani na mwanawe begani. Akaniuliza baba yake yuko wapi. Nikamwambia yuko mbali. Akauliza yukoje. Jamani, ningemwonyesha nini? Picha hatukuwa nayo. Hapo ndipo hofu iliponiingia: mtu yule atarudi nyumbani kwake, na mwanawe atamkimbia.

Nikasema nitamfinyanga. Udongo si ninao? Nikahangaika asubuhi nzima, nikatoa kichwa ambacho kingeweza kuwa cha mwanaume yeyote wa Singida. Nikakiponda kwa hasira, nikaingia ndani, macho yakaangukia ukutani.

Tangu aondoke nilikuwa nikiandika juu yake kila nilipomkumbuka. Hakukuwa na neno hata moja kuhusu pua wala paji la uso. Nilikuwa nimeandika kwamba hutafunia upande wa kushoto. Kwamba akisikiliza jambo hugeuza kichwa, sikio la kulia likatangulia. Kwamba hucheka kabla hajamaliza kusema, maneno ya mwisho yakapotelea humo, na mimi nakasirika kwa sababu sijaambulia kitu. Nikaanza upya. Taya la kushoto nikalijaza, shingo nikaigeuza kidogo, mdomo nikauacha wazi, nusu maneno nusu kicheko. Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa uwele, machozi yanamtoka. Nikajua nimempata. Tangu siku ile sijafinyanga uso wa mtu bila kumwandika kwanza.

Nilitaka kukichoma pamoja na vyungu vya wiki ile. Mama mkwe akakataa katakata.

"Mwanangu hajafa," alisema. "Uso wa mtu anayepumua hauingii motoni. Ukae hivyo hivyo."

Nilivimba. Udongo usiochomwa ni nini kama si tope lililokauka? Mvua ikivuja darini, kazi yangu yote inayeyuka. Nilinuna, nikawa namwamkia kwa midomo tu, lakini yeye wala hakujali. Tukakiweka kwenye kona kavu, na kila asubuhi binti yangu alikwenda kukiamkia, shikamoo baba. Mama mkwe aliguna kwamba tunamfundisha mtoto kusalimia chungu. Lakini aliyekuwa akikipangusa vumbi ni yeye.

Mume wangu alirudi wakati wa kuvuna uwele. Sikumtambua mpaka alipogeuza kichwa kusikiliza mbwa wa jirani. Mwiba wa mkonge ulikuwa umemtoboa jicho, likafumba moja kwa moja, na mashavu yalikuwa yameingia ndani. Kicheko hakikuwapo kabisa. Binti yangu alijificha nyuma ya bibi yake. Nikamwambia amwamkie baba yake. Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole ndani, kwenye ile kona.

"Baba ni yule."

Nilitaka kumzaba kibao, Mungu anisamehe. Mume wangu aliingia, akakitazama kichwa kile chenye macho mawili. Siku zilizofuata mtoto hakumsogelea, na yeye hakumlazimisha. Kisha akaanza kusema kwamba lori la wakala litapita tena, kwamba nyumba hii tayari ina baba, na mzuri kumshinda yeye. Aliyasema taratibu, bila hasira, ndiyo maana niliogopa.

Mama mkwe alinikuta uani nimejiinamia.

"Si nilikukataza kuchoma?" akasema. "Basi kimwagie maji."

Nilimtazama yule mama, nikataka kumpigia magoti.

Tulikifunika kwa matambara yenye maji mpaka kikalainika. Nikakitoa uani, nikamketisha mume wangu mbele yangu, nikamwomba anieleze ya huko alikokuwa. Hakutaka. Nikamwambia basi nitamtunga mwenyewe, na asinilaumu. Akaanza kidogo kidogo: mistari ya mkonge isiyokwisha, uji wa kambini, mwenzake aliyemshika mkono mpaka hospitali siku mwiba ulipomchoma jicho. Lililonigusa niliinuka nikaliandika kwa mkaa ukutani, kisha nikarudi kwenye udongo. Binti yangu alileta maji kwa kibuyu, maana alitaka kuona baba yake anafanywa nini. Nikayapunguza mashavu mbele yake. Nikalifumba jicho kwa kidole gumba. Mdomo sikuugusa. Mtu mwenyewe alikuwa hacheki tena, najua, lakini kuufunga sikuwa na moyo huo.

Mtoto akapapasa jicho la udongo. Kisha, kwa kidole kile kile chenye tope, akamwendea mume wangu na kumpapasa la kwake.

"Linauma?"

"Liliuma," akamjibu. "Halafu niliporudi kambini na bendeji, siku ya kwanza tu, nikaingia kibanda kisicho changu, nikajilaza, kumbe..."

Kicheko kikamkamata, maneno ya mwisho yakapotelea humo. Mpaka leo sijui alijilaza kwa nani. Mtoto akautazama mdomo wake, akageuka akautazama ule wa udongo, akanirudia mimi.

"Mama, ni huyu," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa sijui.