Casque Nzito ya Soko la Kenya

Naikumbuka siku moja, mwanangu, niliyotoka soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, nikitembea katikati ya barabara kama gavana, casque mpya ya kusikilizia kaseti kichwani, na viatu vimepasuka mbele mpaka vidole vinasalimia watu. Pesa ya viatu ndiyo niliyokuwa nimeivaa kichwani.

Nakuita mwanangu, usikasirike. Najua wewe uko mwaka wa kwanza wa sekondari na mimi niko wa tano tu, na ndevu zangu ni nne, nikihesabu na ile iliyoota kwenye shingo. Lakini nyumbani kwetu sasa hakuna mtu mwingine wa kutoa nasaha, kwa hiyo cheo kimeniangukia mimi. Kaa basi. Nataka kukueleza namna ya kuchagua vitu vya kuweka masikioni, na namna mimi nilivyovichagua vibaya.

Kwanza ujue nyumba yetu. Tunakaa kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shaba, zile zinazofanana mpaka mlevi anaingia kwa jirani na kuomba chakula. Baba yangu anafanya kazi kwenye tanuru. Wiki yake ya kazi ya usiku ikifika, analala mchana, na mchana huo wote kijiko hakigusi sahani. Mtoto yeyote wa kambi anaijua sheria hiyo. Mpira unahamia barabara nyingine, mlango unafungwa kwa vidole, na kicheko kinatoka puani. Hata ugomvi wa wazazi wangu ulifanyika kwa kunong'ona. Na ugomvi wa kunong'ona, mwanangu, hauishi upesi, maana hakuna jirani wa kuusikia akaja kuuamua.

Mvua zilipoanza, mama alichukua sanduku lake akapanda treni kwenda kwao Kongolo. Alisema anakwenda kumwona bibi. Hakusema siku ya kurudi, na baba hakuuliza.

Nikabaki na mjomba Kalenga, ndugu yake mama, anayefanya kazi kwenye treni ile ile. Si kwamba alikaa nasi, alipita tu. Kila safari ilipomrudisha Lubumbashi aliniletea kaseti, mama akisema humo ndani, nami nikamrudishia nyingine, mimi nikisema. Mjomba ndiye aliyenipa na mashine ya kaseti, ile ndogo ya mfukoni ya kurekodi na kusikiliza, isiyo na spika. Bila kitu cha masikioni, mashine hiyo ni sawa na tofali. Ilikuja na écouteur mbili ndogo za kuweka sikioni, za sponji. Sponji zilioza, kisha waya ukakatika. Ndiyo siku nikakwenda soko la Kenya.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno matamu kuliko bidhaa zake. Niliuliza bei ya écouteur ndogo, akacheka.

"Citoyen, ndugu yangu, ile ni ya batoto. Beba hii kwanza. Beba! Unasikia uzito?"

"Nasikia."

"Njo casque sasa! Ilitoka Zambia. Pale mpakani Kasumbalesa bantu ba douane balitaka kuibakiza kwao, ju ya uzuri yake."

Nikaibeba mkononi. Mwanangu, mimi ni mtoto wa shaba. Sisi tumekua tukiona watu wakipima kipande mkononi kabla ya kukiuza, na kitu kizito kwetu ndicho kitu. Chepesi ni bati, chepesi ni udanganyifu. Casque ile ilikuwa nzito kama dhambi. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, na herufi za dhahabu ambazo mpaka leo hakuna mwalimu aliyeweza kunisomea. Akanivika, akaweka kaseti yake ya muziki wa kucheza, na gitaa la besi likanipiga tumboni. Nikafunga macho. Nilipoyafungua, nilikuwa nimeshalipa.

Tulia hapa kidogo. Nilisikiliza kaseti yake, kwenye mashine yake, yenye betri mpya, kwa sauti aliyoichagua yeye. Kaseti yangu ilikuwa mfukoni mwangu wakati wote huo. Haikunijia akilini kuitoa.

Nyumbani baba alikuwa amelala. Nikakaa jikoni chini, nikaweka kaseti ya mama iliyokuja wiki ile, nikavaa. Sauti ya mama ikaja kama mtu anayesema ndani ya pipa, na pipa limefunikwa blanketi. Nikaongeza sauti, pipa likawa kubwa zaidi. Nilishika "Ilunga wangu," baadaye nikashika "baba yako," halafu "treni." Mengine yote yalikuwa ngurumo. Nikairudisha nyuma mara moja, ngurumo ile ile. Nikajiambia: mama anasalimia, kama kawaida.

Unajua kwa nini nilijiambia hivyo? Kukubali kwamba sisikii kulikuwa kukubali kwamba casque ni mbaya, na viatu vimekwenda bure. Nilitaka casque iwe nzuri. Basi nikaona afadhali mama ndiye awe hana jipya la kusema.

Baba akaamka saa kumi, akakaa mbele ya bukari yake, ugali wetu wa huku.

"Mama yako anasema nini?"

Sasa mimi, jamaa wananijua. Naweza kumwiga préfet, yaani mkuu wa shule, mpaka wanafunzi wakasimama. Nikashika kiuno, nikainamisha kichwa kama mama: "Ilunga weye, unakula? Ilunga weye, unaoga? Na ule baba yako, eko anakata kucha?" Baba akacheka mpaka tonge likaanguka.

"Njo byote?" akauliza, yaani kama hayo ndiyo yote.

"Njo byote, baba."

"Hakuuliza kintu?"

"Aliuliza kama ndevu zilishaota."

Akacheka tena, lakini mara hii alimaliza upesi. Akachukua kofia yake ya kazi akaondoka. Jumapili, tukitoka misa, akaniuliza tena, akitazama mbele kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Ile kaseti, hakuna mahali alisema kintu ingine?" Nikasema hakuna. Yeye mwenyewe asingeisikiliza. Alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba kaseti ni za mtoto, zinatumwa kwa mtoto.

Mjomba alipopita kuchukua jibu langu, lililojaa vichekesho vya walimu, alisimama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Shemeji, hauna neno ya kutuma?"

Baba akanielekeza kidole. "Ilunga alishasema byote."

Treni ikaenda. Ikarudi bila kaseti, nikaipa vichekesho vingine, ikaenda tena. Safari ya tatu pia mjomba alikuja mikono mitupu.

"Mama hakutuma?"

"Hakutuma," akasema, akaanza kuyasifu mapapai yetu. Hatuna mapapai. Ni ya jirani.

Wiki hiyo hiyo upande mmoja wa casque ukafa. Nikaipeleka kwa Papa Ngoy, mzee anayetengeneza redio kule Kenya, kwenye chumba chenye waya nyingi mpaka hujui wapi pa kuweka mguu. Zamani alikuwa fundi wa simu kwenye stesheni ya treni. Alifungua casque kwa bisibisi, akatazama ndani, akaniita kwa kidole. Ndani ya ganda lile kubwa kulikuwa na kispika kama kizibo cha chupa ya bia, cha redio ndogo ya mfukoni. Kando yake, kimefungwa kwa gundi, kulikuwa na kipande cha chuma. Upande wa pili pia kulikuwa na kipande cha chuma.

"Hii chuma inafanya kazi gani, papa?" nikauliza.

"Inafanya kazi ya kukushika weye." Akakitupa mezani. "Uko mutoto ya mine, ya mugodi, eh? Banakujua. Kila kintu munapima na mukono. Sauti haina kilo, mutoto."

Nikakiokota kile kipande, na mkono ukakipima wenyewe.

"Unasikilizaka nini na hii?"

"Mama yangu. Ananitumiaka sauti mu kaseti."

"Na ulienda kuinunua na muziki ya bar?" Akanitazama juu ya miwani, si kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. "Muziki ya bar inajificha mu makelele. Hata kama kispika kilioza, besi itapita. Mama yako hana besi. Leta ile kaseti."

Akachukua ukutani casque ya zamani ya watu wa simu, ngozi imepasuka, upande mmoja tu una spika, waya umefungwa kitambaa. Ilikuwa mbaya mpaka nikaona haya kuivaa mbele ya watu waliokuwa dukani. Alikuwa ameibadilishia kichwa cha waya ili iingie kwenye mashine ndogo. "Hii haiwezi kuimba," akasema. "Ilitengenezwa ju ya muntu kusema."

Nikaingiza kaseti ile ya mwisho ya mama kwenye mashine, nikavaa. Nikasikia kuku. Mwanangu, kulikuwa na kuku kwenye kaseti ile, na mimi sikuwa nimemsikia! Nikasikia mama anavuta pumzi kabla ya kusema. Halafu akasema, karibu kabisa, kama vile amekaa kwenye kiti cha Papa Ngoy.

Alisema: "Ilunga wangu, leo sitaki mizaha. Mwambie baba yako hasira ilishaisha. Nataka kurudi. Lakini siwezi kupanda treni kama muzigo, hakuna mwenye kuniita. Mwambie aseme mu kaseti, yeye mwenyewe, hata neno moja. Kalenga ataileta. Nitangoja treni mbili. Kama hakuna, nitaelewa, na sitamukasirikia. Usisahau, mwanangu."

Treni mbili zilikuwa zimeshapita. Na zote mbili nilikuwa nimezipakia vichekesho.

Papa Ngoy aliuchomoa waya, akanikunjia. Alisema tu, "Beba hii ya simu. Kwenda nyumbani."

Nikakimbia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliubamiza mlango wakati baba amelala. Alitoka chumbani na singleti, macho mekundu, tayari kunipa kofi. Nilimvika casque kichwani kabla hajafika kwangu. Sikujua namna nyingine ya kumwambia.

Alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika ile spika sikioni kama watu wa simu walivyokuwa wakifanya. Ilipoisha akanionyesha kwa kidole: rudisha. Nikarudisha. Akasikiliza tena. Halafu akaivua taratibu, akaiweka juu ya meza.

"Na ulinichekesha," akasema.

Hakunipiga. Ningefurahi anipige. Alivaa viatu vyake akaenda kazini, masaa matatu kabla ya zamu, kwenda kumwona mkubwa wake aombe ruhusa. Jumamosi akapanda treni ya mjomba, na shati lake jeupe amelikunja ndani ya gazeti.

Hayo yalikuwa wiki sita zilizopita. Tangu hapo ninakaa peke yangu. Jirani ananipa bukari jioni, na ananitazama kama kuku aliyebaki sokoni. Mchana naweza kupiga ngoma kwa masufuria nikitaka, hakuna wa kumwamsha. Nilijaribu siku moja. Nilipiga mara mbili, nikaacha, nikayaosha. Shuleni asubuhi, tukiimba mbele ya bendera, mimi ndiye ninayeimba kwa sauti kubwa kuliko wote, na wenzangu wanadhani ninafanya mzaha.

Juzi mjomba alileta kaseti. Nilivaa ile casque mbaya, nikafunga mlango. Ni baba. Baba hajui kusema kwenye mashine, anapiga kelele kama anamwita mtu ng'ambo ya tanuru: "Ilunga! Ni miye, baba yako! Tuko muzuri! Bibi yako eko muzima! Mama yako angali anafikiri! Mi niko namungojea!" Nyuma yake kuna mtu anatwanga. Mchi unasikika mbali, ndani ya kinu, taratibu. Kisha baba anashusha sauti, anasema, "Nilimuambia nilichelewa ju ya makosa yangu. Sikutaja yako." Na hapo mchi unasimama.

Nimesikiliza mahali hapo mara nyingi. Mchi unasimama, na hakuna anayesema, mpaka kaseti inakatika. Kwa ile casque ya herufi za dhahabu nisingejua kama kulikuwa na mchi. Sijui maana yake. Labda unga ulikuwa umeisha. Lakini mtu aliacha kutwanga ili asikie.

Basi, mwanangu, shika haya, na kama ukicheka, cheka huku unashika. Ukienda kununua casque au écouteur, mfukoni uwe na kaseti yako na mashine yako. Ya muuzaji mwachie muuzaji. Sikiliza mtu unayemjua akisema, usisikilize muziki, na usikilize kwa sauti ya chini, maana juu kila kitu kinaonekana hodari. Ukimsikia anavuta pumzi, nunua. Usipomsikia, irudishe, hata kama inang'aa, hata kama binti wa darasa lako amesimama pale anatazama. Tikisa waya karibu na kichwa chake, hapo ndipo unapofia. Ivae muda mrefu mpaka muuzaji achoke nawe, maana inayobana dukani itakuumiza nyumbani. Usipime kwa mkono. Na écouteur ndogo ya bei ndogo isikutie haya. Ile ya sponji niliyoidharau sokoni ingemleta mama nyumbani kwa treni ya kwanza.

La mwisho halihusu waya. Kama hukusikia, sema hukusikia. Mimi nilikuwa na ulimi wa kuwaiga watu wote wa mji huu, nikakosa wa kusema neno hilo moja.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe masikio mawili mazima na viatu visivyotoboka. Akujalie nyumba yenye makelele, na watu ndani yake wanaokuita kwa jina mpaka uchoke, usihitaji kuweka chochote sikioni ili uwasikie.