Mchele wa Shemeji Thani

Mahfoudh alikuwa karani wa mahakama Unguja kwa miaka kumi na sita, na ukarani haukumtoka hata alipohamia Maskati. Mkewe, Shaikha, akisema mumewe hata akipewa salamu hutaka kuona muhuri.

Mwaka 1970, waliotoka Unguja walipoanza kuwa wengi mtaani, chama chao cha kusaidiana kiliamua kuchagua mwamuzi wa ugomvi mdogo mdogo: kuta, vyombo vilivyoazimwa visirudi, mbuzi waliotafuna nguo kambani. Wakajitokeza wawili, Mahfoudh na Suud muuza vitambaa.

Suud akaanza kualika watu halua. Mahfoudh hakupendezwa. Akasimama kikaoni, akataka kila mgombea aandike alichotumia na nani kampa, kisha awasomee watu kabla ya kura.

"Mwamuzi aliyelishwa na mtu, atamhukumu vipi mtu huyo?" aliuliza.

Kanuni ikapita. Mahfoudh akarudi nyumbani kifua mbele, akakuta wanawake kumi na mmoja wamezunguka sinia za pilau. Akamvuta mkewe jikoni.

"Haya ya nini?"

"Ya kura zako, Baba Muhsina. Wewe unawapa watu kanuni, mimi nnawapa pilau."

"Na mchele katoa nani?"

"Kaka yangu Thani. Gunia zima, na mbuzi juu."

Mahfoudh akakaa kitako. Shemeji Thani alikuwa akigombana na jirani yake Bakhit kwa ajili ya ukuta, na hakuna asiyejua.

"Usiandike," Shaikha akasema. "Chakula cha nyumbani hicho."

Siku mbili Mahfoudh alijitahidi kuamini hivyo. Lakini nyumbani kwake walikuwa watu watatu, na gunia lilikuwa limekwisha.

Siku ya uchaguzi, baada ya sala ya alasiri, Suud alisoma kwanza: halua ratili tisa, kutoka mfukoni mwake. Mahfoudh akainuka na karatasi yake. Akasoma mchele, mbuzi, bizari, hata kuni. Mtoaji: Thani. Watu wakacheka mpaka kofia zikawaanguka.

"Nikichaguliwa," akamalizia, "kesi ya ukuta sitaigusa."

"Shemeji!" Thani akapiga ukelele. "Sasa mbuzi wangu nimemchinjia nini?"

Waliocheka ndio hao hao walionyoosha mikono, na Mahfoudh akashinda.

Wiki haikupita, kesi ya ukuta ikaletwa. Mahfoudh akamwomba Suud aisikilize. Suud akaenda na kamba yake, akapima, akaona ukuta wa Thani umeingia kwa Bakhit dhiraa nzima. Ukabomolewa, na Thani akanuna mwezi mzima.

Bakhit, kwa furaha, alimpelekea Mahfoudh jodari mbichi, mnene kama mto wa kulalia. Mahfoudh akamrudisha pamoja na barua ya shukrani. Shaikha alisimama mlangoni akamsindikiza samaki yule kwa macho mpaka akapinda kona, kisha akaingia ndani kuchambua dengu.