Kabati Lililopiga Chafya

Hakuna mtu aliyependa filamu za vichekesho kama Jaji, na hakuna aliyezilaumu kama yeye. Jina hilo alipewa na wenzake kwenye duka la dobi alikopiga pasi tangu ujana wake. Jumapili aliangalia filamu, na Jumatatu filamu ilipanda kizimbani. Aliisimulia huku mkono wa kulia ukisukuma pasi, wa kushoto ukinyoosha shati la mtu, macho yakiwa chini kwenye nguo.

"Wametuonyesha mtu anateleza, puu! Sawa, ameanguka. Anaanguka tena. Halafu wanaturudishia polepole tuone alivyoanguka. Jamani, nilikwenda kucheka au nilikwenda kutoa ushahidi wa ajali?"

"Lakini ulicheka?" aliuliza Bibi Vifungo.

"Mara ya kwanza nilicheka, mama. Hapo siwadhulumu."

Bibi Vifungo alikuwa mama mtu mzima aliyekaa karibu na dirisha akirudishia mashati vifungo vilivyong'oka. Alishona na pini midomoni, kwa hiyo kabla ya kucheka ilimbidi azitoe kwanza. Kwa Jaji huo ndio ulikuwa mtihani. Mama akitikisa mabega tu, kichekesho ni cha kawaida. Akianza kuzitema pini moja moja kiganjani, basi hicho kimeiva.

Malalamiko ya Jaji hayakuwa machache. Hakupenda filamu zilizowekewa vicheko vya watu wasioonekana. "Ni kama mwenyeji anayekutafunia chakula," alisema. Hakupenda vile vionjo wanavyoonyesha kabla filamu haijatoka, maana vichekesho vyote vizuri hulundikwa humo, na ukienda kuangalia yenyewe unakuta makombo. Zaidi ya yote hakupenda haraka. Mtu akitaka kuchekesha, alisema, amwache mtazamaji akae na wasiwasi kidogo, ajue kitu kinakuja na asijue kinakuja lini. Watengenezaji wa siku hizi wanakimbia kama wana basi la kuwahi.

Ila filamu ikimwangusha hakuiacha chini. Alisema, "Hapo walikosea," kisha akairekebisha palepale juu ya meza ya pasi. Hapa akaongeza jirani mmbea, pale akamnyamazisha shujaa mwenye maneno mengi. Miezi ikipita, chumba kizima kilikuwa kimesahau kipi kilikuwa cha filamu na kipi cha Jaji. Jaji mwenyewe alikuwa wa kwanza kusahau.

Ndivyo ilivyokuwa kwa filamu ya kabati. Ndugu wawili wanapandisha kabati la nguo kwenye jengo ambalo lifti yake imekufa. Hawajui kwamba mwenye kabati amelala ndani. Njia nzima wanamsengenya kwa ubahili wake, naye ameamka anasikia kila kitu. Mara anapiga chafya. Ndugu wa mbele anamwambia wa nyuma pole, wa nyuma anamwambia wa mbele pole, na safari inaendelea. Siku ya chafya Bibi Vifungo alitema pini zote.

Basi macho ya mama yakaanza kulikataa tundu la sindano. Akaamua kuacha kazi ahamie kwa binti yake, mji wa mbali. Wenzake wakamuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa. Sanduku la safari? Saa ya ukutani?

"Saa nitaisomaje?" akacheka. "Mimi nataka kuiona ile ya kabati. Nimeisikia sana, sijaiona, na macho haya hayatanisubiri."

"Mama, njoo kwangu Jumapili mchana," Jaji akajigamba. "Na uje na leso!"

Jumapili akaazima diski, akapanga viti vya majirani sebuleni, akafuta kioo cha runinga mpaka kikang'aa. Mkewe alimtazama kutoka mlango wa jikoni.

"Hii si ile uliyoitukana mpaka ukalala?"

"Nani, mimi?"

"Wewe, baba watoto. Ulisema ukikutana na aliyeitengeneza utamfulia suruali nyeupe kwa wino."

Jaji alisimama na kitambaa mkononi. Akaanza kukumbuka. Lakini hodi zilikuwa zimeshapigwa, na Bibi Vifungo alikuwa anaingia ameshikwa mkono na mfuaji wa dukani, leso ameikunja vizuri kiganjani.

Walimkalisha karibu kabisa na runinga. Filamu ikaanza. Ndugu wawili wakalibeba kabati, na mama akajisogeza mbele. Ghorofa ya kwanza wakalitua wapumzike. Mlango ukafunguka, mwenye kabati akatoka, akasema samahani, nilipitiwa na usingizi. Wakapeana mikono. Kutoka hapo yakawa magari tu, magari yanafukuzana, magari yanaparamia meza za matunda, na vicheko vya watu wasioonekana vikilia juu yake.

"Chafya iko wapi?" mfuaji akanong'ona.

"Inakuja," Jaji akajibu, jasho likimtoka.

Haikuja. Majina ya waigizaji yalipopita, leso ilikuwa bado imekunjwa vilevile.

"Wameikata?" mama akauliza taratibu.

"Haikuwepo, mama," alisema mke wa Jaji. "Chafya ni ya huyu bwana hapa."

"Na jirani anayechungulia akidhani ni jeneza?"

"Wake huyuhuyu."

"Na yule mzee asiyeona vizuri, anayelisalimia kabati, nalo linaitikia?"

"Wake pia, mama."

Bibi Vifungo akamgeukia Jaji. "Kwa hiyo mimi nimeacha usingizi wangu wa mchana, nimekuja kuangalia magari?"

"Nisamehe, mama."

"Sitaki samahani. Simama, unipe changu."

Jaji akasimama. Mikono ikamning'inia kama ya shati lisilo na mtu. "Basi... palikuwa na ndugu wawili..." Akaziona nyuso zote zikimtazama, jambo ambalo kazini hakuwahi kuliona, na maneno yakamkauka.

"Shemeji, mume wako amezimika," mfuaji akasema, na watu wakaguna.

Mkewe akainuka. Alikwenda uani, akarudi na suruali kutoka kwenye kamba, akasogeza vikombe vya chai, akachomeka pasi ya nyumbani. Jaji akaitandika suruali mezani na kuinamisha kichwa. Pasi ikapita mara moja, ikarudi, na sauti ikaja nayo. Ndugu wawili wakashika ngazi. Jirani akachungulia, akavua kofia, akaanza kulia. Mzee akalisalimia kabati. Chafya ilipofika mama alikuwa ameshateleza nusu kwenye kiti, leso usoni, anampiga mfuaji mgongoni kana kwamba ndiye aliyepiga chafya.

Jaji akafika ghorofa ya tatu, mahali ambapo siku zote hadithi yake iliishia, akainua pasi.

"Unasimama wapi?" mama akapaza sauti. "Jengo hili halina ghorofa ya nne?"

Jaji hakuwahi kuifikiria ghorofa ya nne. Aliigeuza suruali upande wa pili, akaipiga mkunjo polepole, na chumba kizima kikamsubiri.

"Ghorofa ya nne," akasema, "mwenye kabati akashikwa na njaa."