Masale Waliyotaka Tuyashike

Mwanangu, ipo siku moja ya enzi za Mwingereza ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nakusimulia kwa sababu nimesikia umepewa wasichana uwafundishe kucheza, na kwamba kila unaloambiwa njiani unawapelekea siku hiyohiyo. Basi keti. Ukisinzia nitanyamaza.

Nilikuwa na mwaka mmoja tangu niolewe huku Marangu. Mwanamke aliyekuwa akiwafundisha wasichana wa mtaa wetu alimfuata mumewe Arusha, watu wakanigeukia mimi. Shule sikuwa nayo. Nilisoma kwa mwinjilisti mpaka nikaweza kuandika jina langu, nikaishia hapo. Lakini nilikuwa mwepesi wa miguu, na kwa ujana wangu nikadhani miguu inatosha.

Mwaka ule mvua za masika zilibomoa ukingo wa mfongo, mfereji uletao maji migombani. Watu wa mtaa wa juu wakasema sisi wa chini tuliuchokonoa ili tujivutie maji. Sisi tukasema ni wao. Mchili, mkuu wa mitaa yote miwili, akachoka na kelele. Akaamuru tuutengeneze pamoja, kisha iwepo sherehe, wasichana wa kila mtaa wacheze ngoma ya mfongo mbele ya wazee, ndipo atangaze zamu za maji. Kila mtu alielewa. Mtaa utakaoonekana una kosa utapewa maji ya jioni, yale machache ya tope yanayobaki wenzenu wakishamaliza. Migomba yetu isingevumilia, na bila migomba nyumba haina chakula.

Sasa, ngoma ile ilikuwa haijachezwa miaka mingi, na mimi sikuwahi kuiona. Ikabidi niulize. Nikaanza sokoni, kwa Mama Nsia muuza magadi, kwa sababu kila mtu alinunua magadi kwake na kila habari ilipita kwake. Akaniambia bila kusita kwamba wasichana huingia uwanjani kila mmoja ameshika jani la isale.

Nikashtuka kidogo. Isale ni jani la kuomba msamaha, hata mtoto anajua. Ukimkosea mtu unampelekea isale, naye hawezi kukufukuza. Nikamwambia hivyo. Akacheka, akasema kwenye ngoma ya mfongo lina maana nyingine, ni kuwashukuru wazee waliouchimba, na kwani hakuna masale makaburini pao?

Nikataka kuhakikisha. Usidhani nilikuwa mjinga kabisa. Nilimuuliza wifi yangu Anasia, akasema ndiyo, amesikia hivyo hivyo. Nilipoteremka Moshi mjini kuuza ndizi nikapita kwa Bi. Zena, mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa na kundi lake la ngoma pale karibu na stesheni, mtu anayeheshimika kwa kazi hiyo. Naye akasema amesikia Wachagga wa Marangu wakiingia na masale. Watatu hao. Moyo ukatulia. Nikakata masale, nikawagawia wasichana, tukaanza mazoezi nyuma ya nyumba.

Siku nne kabla ya sherehe mama mkwe wangu alipita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akasimama, akatutazama mpaka tukaacha kuimba.

"Mnamwomba nani msamaha?" akauliza.

Nikamweleza habari ya wazee na makaburi. Nikamtajia wale watu watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa kujiamini sana.

Akautua mzigo chini. "Na hao watatu walikuwa wamekaa wapi ngoma ilipochezwa?"

Sikuwa nimeuliza.

"Unauliza njia kwa watu ambao hawajaipita," akasema. "Halafu unakuja kufundisha watoto wa watu." Akajitwisha majani yake, akaenda kulisha ng'ombe. Wasichana wakaangalia chini, lakini mmoja niliona anacheka.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Jioni ileile nikamfuata Anasia, nikamuuliza alisikia kwa nani. Kwa Mama Nsia, akasema, alipokwenda kununua magadi. Na Bi. Zena je? Anasia akasema Mama Nsia akishuka mjini kuchukua magadi hupumzika barazani kwake. Mwanangu, nilikuwa nimesikia mdomo mmoja mara tatu nikahesabu ni midomo mitatu.

Niliporudi nyumbani mama mkwe akaongeza jambo ambalo mimi, mgeni wa mtaa, sikulijua: Mama Nsia ni dada wa damu wa Mzee Ndesario, na Mzee Ndesario ndiye msemaji wa mtaa wa juu. Akaniambia pia kwamba yuko mwanamke mmoja tu aliye hai aliyeicheza ngoma ile kwa miguu yake, naye anaishi Kahe kwa binti yake.

Kulipopambazuka nikashika njia. Nilifika Kahe jua limeniunguza, vumbi mpaka magotini. Nikampa bibi shikamoo, nikampa mkungu wa ndizi, nikamwambia nimekuja kwa sababu nimedanganyika. Alipenda neno hilo. Akasema wengi huja wakiwa wanajua tayari.

Akainuka kwa fimbo, akanionyesha. Wasichana hawashiki kitu. Wanachovya mikono mfongoni, wanaingia wameinua viganja vyenye maji juu, watu wote waone kwamba wameifanya kazi na mikono yao ni safi. Nikamuuliza, masale yametoka wapi basi? Akasema masale yaliingia mara moja tu, mwaka ambao mtaa wa juu waliziba maji kwa ubaya, wakaletwa uwanjani kuomba radhi. Aliyetazama kwa mbali siku ile aliona majani, wala hakujua sababu. Nililala kwake, nikamwomba anirudie hatua zile hadi nikazishika, kisha nikapanda kurudi.

Siku mbili zilizobaki tulicheza mpaka wasichana wakalia kwa maumivu ya miguu. Sikuwahurumia.

Siku ya sherehe mitaa yote ilijaa uwanjani. Mtaa wa juu walicheza kwanza, bila jani wala maji mikononi, walicheza vizuri, siwezi kuwanyima haki yao. Ilipofika zamu yetu nikamwona Mzee Ndesario amekwisha simama mbele, kibuyu cha maziwa mkononi, kama mtu anayengoja kuombwa msamaha. Wasichana wangu wakaingia. Viganja juu, maji yakiwachuruzika mpaka viwikoni, yanametameta.

Mzee akawatazama mikononi. Akamtazama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akashindwa kujizuia.

"Masale yako wapi?" akauliza.

Mchili akamgeukia polepole. "Masale ya nini, mzee? Nani alikuambia watakuja na masale?"

Ndesario hakujua kibuyu kile akiweke wapi. Mtu mmoja nyuma akasema ayanywe tu mwenyewe, uwanja mzima ukaangua kicheko. Halafu vigelegele vikapanda, na walioanza kuvipiga ni vikongwe wa mtaa wa juu wenyewe, maana viganja vile vyenye maji walivikumbuka tangu utoto wao. Wasichana wangu walicheza kana kwamba ardhi imewaka moto. Mchili akatutangazia maji ya asubuhi, safi, siku tatu kila wiki, na mitaa yote miwili ikapata sawa.

Mama mkwe hakunisifu. Alinipa sehemu yake ya nyama, akaendelea kula ndizi.

Kama Mama Nsia alitumwa na kaka yake ama alisema tu alichosikia, sijui hadi leo. Magadi yake yalikuwa mazuri, niliendelea kuyanunua.

Basi nasaha yangu ni hii. Mtu akikuambia jambo la kazi yako, muulize aliliona au alilisikia, na kama alilisikia, mfuate aliyemwambia mpaka njia iishe. Angalia pia ni ndugu wa nani na nani atafaidika ukikosea. Na ukigundua umekosea, usione haya kuwafutia watoto ulichowafundisha jana, hata wakikucheka. Aliyecheza mwenyewe, hata akiwa mbali na mzee wa kutembelea fimbo, mwendee kwa miguu yako.

Nenda sasa, wanakungoja. Mungu akupe masikio mapana na ulimi usio na haraka, akuketishe karibu na wasemao kweli, na kila mtoto atakayepita mikononi mwako asimame mbele za watu bila kuinamisha kichwa.