Mayai Yasiyogeuzwa

Siku ya tisa ya eda yake, Jalila alisikia mvua ikipiga mabati ya banda la kobe, akajua shimo la mayai limejaa maji. Marehemu mumewe, Luqman, alifuga kobe kwa kibali nyuma ya nyumba yao mtaani Shika Adabu, na jike lake lilitaga wiki ile ile aliyofariki.

Alijitanda kanga, akatoka uani na kijiko. Mayai yalikuwa sita, meupe, ya mviringo. Kabla ya kulinyanyua kila moja alilitia alama ya penseli upande wa juu, kama alivyomwona Luqman akifanya.

"Haya ndiyo ya mwisho aliyoyafukia kwa mkono wake," alimwambia mama mkwe wake, Bi Dhahabu. "Hayataoza nami niko hai, inshallah."

"Utayaatamia wewe?"

"Nitayatengenezea kasha."

Alikuwa na boksi jeupe jepesi la kutilia samaki na barafu. Fundi wa stima alikuwa Fondo wa Miritini, rafiki wa Luqman tangu shule, lakini mjane aliye edani haonani uso kwa uso na mwanamume asiye maharimu wake. Fondo akaketi nje chini ya dirisha, pazia likashushwa, akapitisha vifaa kwa Bi Dhahabu. Kufunga waya ikawa kazi ya Jalila.

"Shemeji, waona waya mbili?"

"Naziona."

"Usizishike bado. Umechomeka ukutani?"

Jalila akakimbilia plagi ukutani.

"Shemeji!"

"Nishachomoa."

"Ala! Luqman aliniambia hukubali kushindwa. Hakuniambia hata na stima washindana."

Jalila akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akanong'ona astaghfirullah. Kufikia adhuhuri taa ilikuwa inawaka ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kando yake kifaa kidogo cha kuizima joto likizidi. Aliweka bakuli la maji, akayalaza mayai kwenye mchanga wenye unyevu, alama juu. Kipimajoto kikapanda hadi thelathini, kikatulia.

Wiki ya tatu alifunua kifuniko baada ya swala ya alfajiri. Mayai mawili hayakuwa na alama. Zilikuwa chini.

"Mama, umeyagusa?"

"Nimeanza kuyageuza, kwa bismillahi," akajibu Bi Dhahabu, aliyeangua vifaranga tangu usichana wake. "Yai lisilogeuzwa huwa viza. Kuku mwenyewe huligeuza kwa mdomo."

"Kuku huatamia, mama. Kobe hufukia akaenda zake. Nani humgeuzia? Luqman alisema ukiligeuza, kilichomo hufa."

Bi Dhahabu akaketi kitandani polepole. "Basi nimeharibu kazi ya mwanangu."

Maneno makali yalimjaa Jalila kinywani, akayameza. Yeye alifiwa na mume. Huyu alifiwa na mtoto aliyemzaa. Akayarudisha yale mawili taratibu, akaandika kwenye kifuniko kwa herufi kubwa: YASIGEUZWE.

"Mama, maji ya bakuli sasa ni juu yako. Yasikauke."

Tangu siku hiyo Bi Dhahabu akawa askari wa kasha. Stima zikipotea mchana, ndiye aliyechemsha maji, akayatia kwenye chupa, akazizungushia kanga na kuzipanga ndani. Wageni wa rambirambi aliwafukuza: "Sogea huko, wayapumulia!"

Miezi minne na siku kumi zikatimia. Wanawake wakaja kumtoa Jalila eda. Akaoga, akavaa, akasomewa dua. Mayai yalikuwa vile vile.

"Wifi, twende," akasema Swabra, dada yake Luqman. "Miezi yote hii hujaona njia. Kobe hana haraka."

Wakatembea hadi mwisho wa kichochoro, jua likimchoma macho. Alikuwa bado akisalimiana na majirani aliposikia sauti ya mama mkwe wake ikitoka dirishani, ya mtu aliyesahau umri wake.

"Jalila! Jalila wee! Alama imepasuka!"

Alirudi mbio, viatu mkononi. Yai moja lilikuwa na ufa uliokata mstari wa penseli katikati, na ndani ya ufa pua ndogo ilikuwa inasukuma. "Alhamdulillah," akasema, na machozi aliyoyazuia mbele za watu yakamtoka yote.

Bi Dhahabu hakuwa akitazama pale. Alikuwa akitazama yale mawili ya pembeni aliyoyageuza.

"Na haya yangu je?"

"Hayo twayangoja, mama," akasema Jalila, akijifuta uso. "Funika, joto linatoka."